SOMO LA KOMPYUTA: MAFAILI YA SKRINI YAKAE WAPI?



Matawi yetu mengi siku hizi yana kompyuta. Aghalabu ni mashine kuukuu iliyotolewa na ofisi fulani baada ya kununua mpya, na ndani yake umewekwa mfumo wa Linux kwa sababu hauna ada ya leseni. Humo ndimo lilimo daftari la wanachama, michango ya kila mwezi, barua kwa mwajiri na hesabu za mfuko wa maziko. Somo la leo linahusu jambo ambalo wengi hudhani ni la mafundi peke yao: mafaili yanayoendesha picha kwenye skrini yanakaa wapi ndani ya mashine, na kwa nini yanakaa hapo.

Tuanze na kisa. Katika tawi moja la wafanyakazi wa mashamba, ambalo nililitumikia kama karani wa kujitolea, skrini ya zamani, lile sanduku zito lenye mgongo kama kobe, ilikufa wiki moja kabla ya mkutano mkuu wa uchaguzi. Tukapata skrini bapa iliyokwisha kutumika. Tulipoichomeka, kompyuta ilinguruma kama kawaida, maandishi meupe yakapita mbio, kisha kioo kikawa cheusi, na juu yake tangazo fupi kwamba ishara inayopokewa iko nje ya kiwango. Tukamwita fundi kutoka mjini. Alitazama dakika tano, akasema mfumo umeharibika, na dawa yake ni kufuta diski yote na kuanza upya.

Bei aliyotaka ilikuwa kubwa, lakini tungechanga. Kilichotuuma ni kwamba katika diski ile mlikuwa na orodha ya waliolipa michango, na bila orodha hiyo hakuna ambaye angejua nani ana haki ya kupiga kura na nani hana. Nakala ya mwisho ilikuwa ya miezi minne nyuma. Kosa hilo la kutotoa nakala lilikuwa langu mimi, na sitalificha.

Nilikaribia kukubali. Aliyenizuia ni mama mmoja, boharia wa kiwanda cha jirani, aliyekuja kulipa mchango wake.

“Ndugu Karani,” akaniuliza, “hilo faili la wanachama liko saraka gani?”

“Liko kwenye kompyuta, Mama.”

Akacheka. “Nikikuuliza beringi ziko wapi, ukaniambia ziko kiwandani, umenijibu?”

Ndugu zangu, swali hilo ndilo somo lenyewe. Nitarudi kwa mama huyu baadaye. Kwanza tuingie bohari.

KILA KITU NA RAFU YAKE

Katika mifumo ya jamii ya Unix, mafaili yote yamepangwa chini ya shina moja linaloandikwa kwa mstari mmoja wa mshazari: /. Kutoka hapo hutoka saraka, yaani mahali pa kuwekea mafaili, na ndani ya saraka huwamo saraka nyingine. Saraka /home ni makabati ya watu: kila mtumiaji ana lake, na daftari la wanachama lilikuwa humo. Saraka /etc ni ubao wa maagizo ya mashine hii hii, si ya nyingine. /usr ni bohari kubwa ya programu zilizoletwa tayari kutoka kwa watengenezaji. /var ni mahali pa vitu vinavyobadilika kila siku, kama kumbukumbu za matukio. /tmp ni meza ya muda. Ukizima mashine usitegemee kukuta ulichoacha pale.

Jina la /usr lina historia yake. Unix ilizaliwa mwaka 1969 katika maabara za Bell nchini Marekani, mikononi mwa Ken Thompson na Dennis Ritchie pamoja na wenzao. Hapo mwanzo /usr ilikuwa makabati ya watumiaji, ndiyo maana jina lafanana na neno la Kiingereza la mtumiaji. Ritchie mwenyewe mafaili yake yalikaa /usr/dmr. Diski za wakati ule zilikuwa ndogo mno. Diski ya kwanza ilipojaa, programu za mfumo zikamiminikia ile ya pili iliyokuwa ya watumiaji. Watumiaji wakahamishwa baadaye, programu zikabaki na nyumba na jina. Yeyote aliyefanya kazi katika kiwanda cha zamani ameona mambo haya: chumba kinaitwa “chumba cha boila” na boila iliondolewa zamani.

Ukiacha historia, gawanyo hili lina maana kubwa. Kilichomo /usr hakibadiliki mpaka mtengenezaji alete toleo jipya, tena kinaweza kuwa sawa kabisa katika mashine mia. Mashine mia zaweza hata kusoma /usr moja kupitia mtandao, bila ruhusa ya kuandika humo. Kilichomo /etc ni cha mashine moja. Ndiyo sababu maagizo ya mashine yako hayatakiwi kuchanganywa na vipuri vilivyoletwa kutoka nje.

MFUMO WA X WAINGIA

Unix ya mwanzo haikuwa na madirisha wala kipanya. Ilikuwa maandishi tu. Mwaka 1984, katika chuo cha MIT, Bob Scheifler na Jim Gettys walianza kutengeneza mfumo wa madirisha ulioitwa X. Uliitwa hivyo kwa kuwa ulifuata mfumo mwingine ulioitwa W, uliotoka chuo cha Stanford, na katika alfabeti X hufuata W. Toleo la 11 lilitoka Septemba 1987, na hata leo tunaposema X11 tunataja toleo hilo hilo.

X ni kitu kikubwa. Ina seva inayoshika skrini, kibodi na kipanya. Ina maktaba za programu, fonti, majina ya rangi, ramani za kibodi, na programu ndogo ndogo kama saa na dirisha la maandishi. Likazuka swali: vitu vyote hivi viwekwe wapi? Vitawanywe katika rafu za kawaida za /usr, au vipewe chumba chao?

Jibu la miaka ile lilikuwa chumba chao. Toleo la 11 lilikuwa likitoka kwa marejeo: la nne Desemba 1989, la tano Septemba 1991, la sita 1994. Mashine nyingi zililazimika kuwa na marejeo mawili kwa pamoja wakati wa kuhama, kwa sababu programu za zamani zilihitaji maktaba za zamani. Ukiziweka pamoja katika rafu moja, mpya inafuta ya zamani. Ukimpa kila mmoja chumba chenye namba mlangoni, hawagombani. Katika Linux ya mwanzo rejeo la tano lilikaa /usr/X386, na la sita likakaa /usr/X11R6. Ndani ya chumba hicho mlikuwa na bin yake, lib yake na include yake, kama kiwanda ndani ya kiwanda.

Mwaka 1994 waliokuwa wakitengeneza Linux waliandika kanuni ya kwanza ya mpangilio wa mafaili, ili programu iliyotengenezwa na huyu ifanye kazi katika mfumo wa yule. Kanuni hiyo ilikua ikawa ile iitwayo kwa kifupi FHS. Toleo lake la 2.3 lilitoka Januari 2004, nalo lilikataza wazi programu kubwa kujijengea chumba chake moja kwa moja chini ya /usr. Lakini likampa X ruhusa ya pekee. Sababu iliyotolewa ni kwamba ndivyo watu walivyokuwa wamezoea kwa muda mrefu. Kwa maoni yangu waandishi walifanya vizuri kusema ukweli huo badala ya kubuni sababu ya kitaalamu. Wazee kazini wana haki zao, mradi tu ijulikane kuwa ni haki ya uzee.

Kanuni hiyo hiyo iliweka vibao vya kuelekeza. Katika Unix kuna faili la namna ya kibao: halina kitu ndani ila mshale unaosema “nenda pale”. Hivyo /usr/bin/X11 ilielekeza /usr/X11R6/bin, na /usr/lib/X11 ikaelekeza /usr/X11R6/lib/X11. Mtumiaji aliruhusiwa kupita kwenye vibao hivyo, kwani hakulazimika kujua namba ya rejeo. Bali anayeweka programu alikatazwa kuviweka vitu kupitia vibao. Yeye alitakiwa kwenda kwenye chumba chenyewe. Ni kama dirisha la bohari: mfanyakazi anapokea kipuri dirishani, lakini lori la mzigo halipakuliwi kupitia dirishani.

MAAGIZO YA MASHINE HAYAKAI NA VIPURI

Hapa ndipo penye kiini, na ningependa kila kikundi kipasome mara mbili.

Skrini yako ni ya aina gani, kibodi ina herufi zipi, kadi ya picha ni ipi: hayo ni mambo ya mashine moja. Kanuni ya FHS ilisema mahali pake ni /etc/X11. Faili lolote la namna hiyo litakalokutwa ndani ya chumba cha X chini ya /usr lihesabiwe kuwa mfano tu wa kuonyesha, si agizo. Sababu yake tumekwisha kuiona: kama /usr imefungwa kuandikwa, au inatumiwa na mashine nyingi, mwenye mashine hii ataandika wapi kwamba skrini yake ni ndogo? Lazima awe na ubao wake.

Faili kuu la ubao huo liliitwa XF86Config katika siku za XFree86, lile kundi lililotengeneza X kwa kompyuta za kawaida za mezani. Mwaka 2004 XFree86 ilibadilisha masharti ya leseni, wengi hawakuridhika, na kazi ikahamia kwa X.Org. Faili likaitwa xorg.conf. Zamani lilikuwa kama kitanda cha Prokrasto kwa karani: usipoandika sawasawa masafa ya skrini, hupati picha. X.Org ya baadaye ilijifunza kuiuliza skrini yenyewe, na tangu hapo mashine nyingi hazina faili hilo kabisa.

Tangu 2010 kumekuwa na saraka mbili zenye jina moja, xorg.conf.d, na watu huzichanganya. Moja iko /usr/share/X11. Hiyo ni ya watengenezaji. Nyingine iko /etc/X11. Hiyo ni yako. Nimemwona kijana hodari akirekebisha kipanya kwa kuhariri faili la kwanza. Kilifanya kazi vizuri wiki tatu, kisha mfumo ukasasishwa, faili likaandikwa upya, na kazi yake ikapotea bila onyo. Angeandika kifaili kidogo katika /etc/X11/xorg.conf.d, agizo lake lingebaki. Kile kilichomo /usr kinaweza kubadilishwa na aliyekileta siku yoyote, wala hatakuuliza.

CHUMBA CHABOMOLEWA

Rejeo la sita lilidumu muda mrefu kuliko ilivyotarajiwa. Kutoka 1994 hadi Desemba 2005 chumba kiliitwa X11R6, mpaka watu wakadhani namba ile ni sehemu ya jina. Rejeo la saba lilipotoka mwezi huo, X haikuwa tena mzigo mmoja. Ilikatwa vipande vingi: kila maktaba kivyake, kila programu kivyake, na kila kipande kinajengwa kwa zana zile zile zinazotumika kwa programu nyingine. Haja ya chumba cha peke yake ikaisha. Programu zikaenda /usr/bin, maktaba /usr/lib, na vitu visivyotegemea aina ya mashine, kama majina ya rangi na ramani za kibodi, vikaenda /usr/share/X11. Fonti, zilizokuwa zikikaa ndani kabisa katika /usr/X11R6/lib/X11/fonts, zikahamia /usr/share/fonts ambako programu zote zinazifikia.

Kuhama hakukuwa rahisi. Katika Debian mwaka 2006, mfumo ulikataa kuendelea ukikuta bado kuna mafaili katika /usr/X11R6/bin, kwa sababu mahali hapo palikuwa pageuzwe kibao. Mwenye programu ya zamani iliyoachwa mle alilazimika kwanza kuitoa. Wengi walilalamika. Mimi naona ilikuwa haki: afadhali mlinzi akuzuie mlangoni kuliko abomoe chumba na masanduku yako yamo ndani. Kilichobaki kikawa kichekesho kidogo: /usr/bin/X11 ikawa kibao kinachoelekeza saraka ile ile kilimo chenyewe, hata mtu akaweza kuandika /usr/bin/X11/X11/X11 na bado akawa amesimama pale pale.

Si wote waliokwenda njia hiyo. OpenBSD imebaki na /usr/X11R6 ingawa vipande vilivyomo ni vya rejeo la saba. NetBSD ina /usr/X11R7. FreeBSD mwaka 2007 iliihamishia X katika /usr/local pamoja na programu nyingine za ziada, kwa kuwa kwao /usr ni ya mfumo wa msingi tu. Kwenye kompyuta za Apple, X inayoongezwa hukaa /opt/X11. Kwa hiyo fundi akikwambia “X iko hapa siku zote”, muulize ni katika mfumo gani.

Siku hizi Linux nyingi zinatumia Wayland badala ya X, kazi iliyoanzishwa na Kristian Høgsberg mwaka 2008. Mlango wa X uko /tmp/.X11-unix, wa Wayland uko katika saraka ya mtumiaji chini ya /run/user, inayoondolewa anapotoka. Mengine, kama ikoni na fonti, hayakuhama.

KISA CHETU KILIVYOISHA

Yule mama alikaa mbele ya skrini nyeusi, akabonyeza vitufe vitatu pamoja: Ctrl, Alt na F2. Maandishi meupe yakatokea yakiomba jina na neno la siri. Kumbe mashine ilikuwa hai muda wote! Picha tu ndiyo iliyokuwa imekwama. Akaniambia niingie, niende kwenye saraka yangu chini ya /home, niorodheshe. Daftari la wanachama lilikuwepo, na tarehe yake ya juzi. Kabla ya kugusa kingine chochote akanilazimisha nilinakili kwenye flashi. “Sasa hata tukiharibu,” akasema, “tumeharibu vyombo, hatujaharibu watu.”

Kisha tukasoma /var/log/Xorg.0.log. Ni daftari ambamo X huandika kila inachofanya. Mistari ya makosa huanza na herufi EE katika mabano, na ya tahadhari WW. Hatukuona EE hata moja. X ilidhani imefanya kazi yake vyema. Ila daftari lilionyesha kwamba masafa ya skrini yamechukuliwa kutoka /etc/X11/xorg.conf. Tukalifungua: fundi fulani miaka mingi nyuma alikuwa ameandika masafa ya lile sanduku zito. X ilikuwa ikitii agizo lililoandikwa kwa ajili ya skrini iliyokwisha kufa.

Hatukulifuta faili. Tulilibadilisha jina, likawa xorg.conf.zamani, tukawasha mashine upya. X ilipokosa agizo iliiuliza skrini mpya, ikajibiwa, na picha ikaja. Kazi yote haikufika nusu saa, nayo ilikuwa ya faili moja katika /etc. Kilichomo /usr hakikuguswa, na cha /home hakikuwa hatarini hata dakika moja, isipokuwa pale nilipotaka kumruhusu mtu afute diski.

KAZI YA KIKUNDI

Fanyeni haya kwenye kompyuta ya tawi, katibu akiwepo, na nakala ya daftari la wanachama ikiwa imekwisha kutolewa.

Orodhesheni /etc/X11 na mwandike katika daftari la karatasi kila faili mlilolikuta. Kama mna xorg.conf, tazameni tarehe yake, kisha mjiulize kama skrini mliyo nayo ni ile iliyokuwapo siku hiyo.

Tafuteni /usr/share/X11/xkb/symbols. Humo mna ramani za kibodi za nchi mbalimbali, kila moja kwa herufi mbili. Faili ke ni la Kenya na lina Kiswahili, pia lina mpangilio wa Kikuyu. Tz ni la Tanzania. Yafungueni myasome, msiyahariri. Kisha mseme: mkitaka kibodi ya tawi itumie mpangilio mmojawapo, agizo hilo mtaliandika chini ya saraka gani?

Someni Xorg.0.log siku ambayo mashine ni nzima, mjue sura yake ikiwa na afya. Katika mifumo mipya mkilikosa chini ya /var/log, litafuteni katika saraka ya mtumiaji, .local/share/xorg. Mkilikosa na huko, huenda mashine yenu inatumia Wayland. Andikeni hivyo katika daftari, pamoja na tarehe.